Zamu ya Athmani

Shamte, fundi wa matangi ya samaki, alimaliza kukwangua mwani uliotanda kiooni, akapima maji ya chumvi, kisha akamgeukia Bi Zuwena.

"Shangazi, samaki wako wana vitambi kama madiwani. Unawalisha mara ngapi?"

"Mara mbili. Asubuhi zamu ya marehemu Athmani, jioni yangu."

Shamte aliacha kucheka. "Chakula kinachobaki kinaoza, ndicho kinachoulea huu mwani. Mwezi hauishi, maji yatawaua wote. Acha zamu moja."

"Nitaacha yangu."

"Na jioni wakikudai?"

"Nitawaambia wamekula kwa mume wangu. Si ndiye aliyewadekeza?"

Kesho yake asubuhi alisimama pale alipokuwa akisimama Athmani, akagonga kopo la chakula mara mbili kwa pete, kama alivyokuwa akigonga yeye, akawatupia chembe chache.

Jioni samaki walimjazia kioo.

"Mmeshakula kwa Athmani," aliwaambia, mikono kaificha ndani ya kanga.

Hawakuondoka. Walifumbua midomo, wakafumba, wakafumbua tena, kama wanaotaka kuhadithiwa zaidi. Bi Zuwena akavuta kiti.