Mikono Yenye Magamba

"Wale kulungu wako wa kufugwa niliwaiba mimi," Aslak alisema akiwa bado mlangoni. "Niliwakata masikio upya, nikawatia alama yangu. Nisamehe, mama. Nataka kumfuata Yesu."

Mjane, aliyekuwa akipara samaki, akaweka kisu chini. Huku kwetu anayetubu hukumbatiwa shingoni na kutamkiwa msamaha, na hakuna muumini anayeweza kumnyima. Lakini mikono yake ilikuwa imejaa magamba ya samaki.

"Mwizi wewe, hata kunawa huningoji!"

Akamkumbatia hivyo hivyo. Magamba yakamganda Aslak shingoni.

"Amini umesamehewa dhambi zako zote, kwa jina la Yesu na kwa damu yake."

Aslak akashusha pumzi, akataka kujitoa. Mikono haikumwachia.

"Tulia. Sasa nitamkie msamaha na mimi," mjane akanong'ona. "Nilijua ni wewe. Kila nikipiga magoti nakuombea ufe."