Shangazi wa Katikati

Boksi la simu mpya lilitafutwa asubuhi nzima. Chini ya meza ya ofisini halikuwepo, ndani ya gari la fundi wa mtandao halikuwepo. Mchana likapatikana kilimani, kwenye kibanda cha mzani wa malori. Lilikuwa limefunikwa shuka, na juu yake amekaa shangazi, anakunywa chai.

"Kumbe ndilo hili?" alisema. "Mimi nilidhani kigoda."

Kaka mkubwa hakumkasirikia. Hakuna aliyeweza kumkasirikia shangazi. Kaka huyo na mdogo wake waliachiwa machimbo ya kokoto na baba yao. Ofisi, ambayo ni ya mkubwa, iko upande huu wa kilima, na machimbo, ambako mdogo ndiye msimamizi, yako upande wa pili. Redio za upepo walizotumia kuitana hazikuwahi kuvuka kilima hicho. Kwa hiyo ofisi ilimwita shangazi, aliyekuwa mzanini juu kilimani na kusikika pande zote mbili, shangazi akaita machimbo, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo. Lori likiharibika au mwamba ukitaka kulipuliwa, habari zote zilipita kinywani mwake.

"Shangazi, hakuna anayekutoa kazini," kaka mkubwa alimwambia. "Mzani ni wako. Tunakupunguzia kelele tu."

"Nani kakwambia kelele zinanisumbua?"

Fundi akaeleza kwa upole kwamba simu hizi zinapita kwenye mtandao, kilima si kitu tena. Unabonyeza kitufe, unaongea na unayemtaka, yeye peke yake. "Na neno linafika kama lilivyotoka, mama. Halipungui, haliongezeki."

"Hilo ndilo linalonitia wasiwasi," alisema shangazi.

Wakacheka. Watu wazima na mitambo mipya, hawaivi chungu kimoja.

Lakini kaka mkubwa alikuwa na hamu yake ya kuongea na mdogo wake bila mtu katikati. Walipomaliza kumzika baba yao, yeye na mdogo wake waligombana vibaya juu ya nani awe na usemi wa mwisho. Mpaka wakili akaitwa agawe mali, mmoja achukue mashine na mwingine abaki na mawe. Biashara ingekufa palepale, na undugu pia. Ndipo asubuhi moja ya mvua redio ikakoroma na shangazi akasema, "Mdogo wako anakuomba radhi. Anasema wewe ndiye mkubwa wake." Wakili akarudishwa alikotoka, na tangu siku hiyo ndugu wakawa chanda na pete.

Jambo lenyewe hawakuligusa tena. Wakikutana nyumbani waliongea matairi na mpira, kama wanaume wote wa ukoo wao. Ila kila mgeni aliyeingia ofisini lazima asimuliwe. "Mdogo wangu ana moyo," kaka mkubwa alikuwa akisema. "Yeye ndiye aliyeanza. Mimi na ubishi wangu huu, nisingeanza ng'o." Na shangazi, kama yupo, ghafla alikumbuka kitu alichokisahau nje.

Simu moja ikapelekwa machimboni, na fundi akawashia ya pili palepale kibandani. Shangazi akamshika mkono kaka mkubwa. Utani ulikuwa umemtoka.

"Mwanangu, ongeeni malori na kokoto tu. Mengine niachieni mimi."

"Sawa, shangazi."

Alimtazama kidogo, kisha akatoka nje. Fundi naye akaenda kukusanya nyaya zake. Kaka mkubwa akabonyeza kitufe.

"Kaka!" Sauti ya mdogo wake ilikuwa karibu kabisa, kama mtu aliyekaa kiti cha pili. "Si kama uko hapahapa?"

Wakafurahi kama watoto. Wakaongea lori bovu, wakaongea kokoto za mteja wa daraja. Halafu mdogo akashusha sauti.

"Kaka, uko peke yako? Shangazi hasikii?"

"Hasikii. Yuko nje."

"Kuna neno nimekaa nalo muda mrefu. Nilikuwa naona haya kulipitisha kwake." Akakohoa. "Ni ile asubuhi ya mvua. Mimi nilikuwa nimeapa, heri machimbo yafe kuliko nikuombe radhi. Sasa shangazi aliponiita kwenye redio na kuniambia unaniomba radhi wewe, mkubwa mzima, nililia mbele ya wafanyakazi wangu. Asante kwa kuanza, kaka."

Kaka mkubwa akageuka taratibu, akatazama dirishani. Shangazi alikuwa amesimama pembeni ya mzani, amempa mgongo, anapunga mikono kwa bidii kuelekeza lori lipande. Barabara ilikuwa tupu.