Utepe wa Semisi

"Tema tena," Lisiate alisema, akimshikia mwanawe kopo la soda.

Semisi alijaribu. Mate yalikuwa yamekwisha. Alikuwa na miaka kumi tu, lakini magoti yake yaligusa dashibodi ya gari la baba yake. Tangu jana mchana alikuwa hajala, alimumunya barafu tu. Nje kulikuwa na joto la Septemba la Texas, madirisha yamefungwa, na hita imewashwa mpaka mwisho ili mtoto atoke jasho.

Bibi Seini alikaa kiti cha nyuma, mkoba mapajani, naye akitoka jasho.

"Mama," Lisiate alisema akimtazama kwenye kioo, "jana ulimpa nini?"

"Friji ina kufuli. Ningempa nini?"

"Sijui. Jumamosi iliyopita alishinda na njaa, akapanda mizani, akawa amezidi. Mizani haina uchawi. Kuna mtu anamlisha."

"Basi nilaumu mimi, mwanangu."

Lisiate aliona uso unamwaka. Kwa watu wa visiwa vya Tonga, hata waliohamia Texas, mtu hamfokei mama yake, sembuse kumfungia chakula kwa kufuli. Yeye alikuwa amefanya yote mawili, na kanisa zima lilikuwa limesikia.

Lakini angefanyaje? Kwenye ligi hii ya watoto ya mpira wa Kimarekani, anayezidi ratili mia na arobaini hubandikwa utepe mweusi kwenye kofia yake ngumu. Mwenye utepe haruhusiwi kukimbia na mpira mkononi. Kazi yake ni kuinama mstari wa mbele na kusukumana. Na leo mtu wa shule moja ya kulipia ya Dallas alikuwa anakuja kumtazama Semisi akikimbia. Akimpenda, mtoto asome bure mpaka amalize. Nani husafiri kwenda kutazama utepe?

Mwaka jana Semisi hakuwa na utepe. Alipokimbia, watoto walimdondoka kama maji kwenye jani la jimbi. Mmoja tu, mdogo mdogo, aliingia chini yake na hakuinuka. Walimtoa kwa machela.

"Baba," Semisi alisema sasa, "bega la yule mtoto limepona?"

"Limepona. Nimekwambia mara ngapi? Mpira ndivyo ulivyo."

Lisiate aliujua mpira. Naye alikuwa mtoto mkubwa wakati wake. Wanaume walikuja nyumbani, wakala nyama ya Bibi Seini, wakamwita kijana wake treni. Kisha goti lilipasuka, na hakuna hata mmoja aliyepiga simu. Mpaka leo alishuka ngazi kwa ubavu, kama kaa.

Uwanjani mizani ilikuwa imewekwa juu ya ubao, nyuma ya majukwaa. Semisi alisogea kwenye foleni huku ameshika kiuno cha kaptula yake kwa mkono mmoja. Kaptula hiyo alishonewa na bibi yake, maana hakuna duka lenye kiuno chake. Bibi Seini alishona kila kitu kwa mshipi wa kuvulia samaki, hata mkeka ambao Lisiate, kama wanaume wote wa Tonga, alijifunga kiunoni kwenda kanisani. Uzi wa dukani, alisema, ni wa watu wadogo.

"Huyo amekuja kucheza," mama mmoja wa timu ya wageni aliuliza, "au amemleta mwanawe?"

"Muulize mkewe amebaki wapi," mwenzake akajibu.

Watu wakacheka. Semisi akajikunja mabega, kana kwamba angeweza kupungua.

Kocha Dunning aliinama juu ya mizani. "Mia arobaini na tatu. Pole, Lisi. Utepe."

"Ngoja. Avue viatu."

Viatu vikatoka. Soksi zikatoka. Shati likatoka. Bado alizidi.

"Vua na kaptula."

"Lisi," kocha alisema kwa sauti ya chini, "hapa kuna watu."

"Ni mtoto. Vua."

Semisi alishika kiuno cha kaptula kwa mikono miwili. "Baba, tafadhali. Waniwekee tu utepe."

"Leo ndiyo unaona haya? Ungeona haya ulipokuwa unakula."

Akaivuta mwenyewe.

Mtoto akabaki na chupi mbele ya watu wote, akijifunika kwa viganja. Yule mama aliyecheka aligeuza uso. Kaptula ilianguka juu ya ubao kwa kishindo, kama mtu ametupa nyundo.

"Mia thelathini na tisa," kocha alisema taratibu. "Hana utepe."

Hakuna aliyeshangilia. Lisiate aliinama kuiokota kaptula. Ilikuwa nzito. Aliminya pindo, na ndani yake vidole vikakuta vitu vigumu vimejipanga: chubwi, vile vipande vya risasi vya kuzamishia ndoana, kutoka sanduku lake mwenyewe la uvuvi.

Alifungua mdomo amuulize mtoto alijifunza lini kushona. Ndipo alipoiona mishono. Ilikuwa midogo, imenyooka, na ya mshipi.

Bibi Seini alikuwa amekwisha kufika. Alivua shali yake, akamfunika mjukuu wake, kisha akanyoosha mkono kuichukua kaptula.

"Kwako nilichelewa," alimwambia mwanawe, akilitazama goti lake bovu.