Sjoukje wa Ng'ambo

Bibi Baukje alisimamisha fimbo yake kando ya gari jekundu, akalipima, akatikisa kichwa.

"Linakwenda juu mno. Lete lingine."

Jelmer alikuwa ameuza magari pale Bolsward, Uholanzi, miaka kumi na mmoja. Alishaona wateja wanaopiga matairi mateke na wateja wanaonusa viti. Wa kupima paa kwa fimbo alikuwa hajamwona.

"Bibi, watu wa umri wako wanayapenda haya marefu. Unaingia bila kuinama."

"Kuinama naweza, baba. Nina miaka themanini na mmoja, sijawa ubao."

Wakazunguka duka zima mpaka wakafika kwenye kigari cha buluu, cha mwisho kabisa. Fimbo ilipita paa lake kwa kiganja kizima.

"Hili hapa. Hebu litoe nje, ulisimamishe mbele ya dirisha."

Jelmer akalitoa upesi, akijua bibi atataka kulijaribu barabarani. Alipogeuka, akamwona ameketi palepale ndani, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama nje kupitia kioo. Bibi akamwitikia kwa kichwa, ameridhika.

Amependa rangi, Jelmer akajisemea.

Wakakaa mezani. Jelmer akampa biskuti moja, akafunga kopo, kama adabu ya kwao inavyotaka.

"Sasa, Bibi, tuje kwenye kulipa. Unaweza kulikodi kwa mwezi, ukichoka unalirudisha. Unaweza kuchukua mkopo, ukimaliza ni lako. Au unalipa yote mara moja, tunapeana mikono."

"Binti yangu anasema nikodi. Mume wake anasema mkopo. Na wote wawili wanasema nimerukwa na akili."

Jelmer akacheka. "Ukikodi, wanahesabu kilomita. Hebu niambie, unalitakia safari gani?"

Bibi Baukje akaweka kikombe chini.

"Namtaka Sjoukje wangu. Miaka arobaini na tatu, kila siku saa nne kamili, mimi na yeye na kahawa. Kiangazi chote sikumwona hata siku moja. Simu haisikii tena. Miguu yangu hainifikishi kwake, na nyonga yake haimtoi nje. Mwenzangu ana themanini na minne, baba. Siku asipoamka, nani atajua?"

Jelmer alikuwa na nyanya yake pia. Akakohoa kidogo.

"Anakaa wapi?"

"Ng'ambo ya maji."

Jelmer akapiga mluzi. Ng'ambo ya maji! Yaani ile barabara ya juu ya ukuta wa bahari, kilomita thelathini na mbili, maji kushoto, maji kulia, na upepo wa kumpeperusha ng'ombe. Kwenda na kurudi, kila siku ya Mungu! Akavuta kikokotoo.

"Bibi, hizo ni kilomita elfu ishirini na tatu kwa mwaka! Kukodi usithubutu. Watakutoza kila kilomita iliyozidi mpaka ulie."

"Kumbe wana roho mbaya hivyo?"

"Basi tuangalie mkopo."

"Hebu kwanza. Hao wa kukodi na hao wa mkopo, wanataka niwaletee nini?"

"Karatasi za pensheni, taarifa ya benki, nakala ya leseni..."

"Na nikilipa yote?"

"Kitambulisho chako na pesa. Basi."

Bibi Baukje akafungua mkoba. "Nalipa yote."

Wazee ndivyo walivyo, Jelmer akawaza, hawataki kulala na deni la mtu. Akampunguzia kidogo bila kuombwa, akaahidi kumpelekea gari mwenyewe.

"Jumamosi," bibi akasema, "kabla ya saa nne. Jirani yangu Douwe anarudi kutoka Hispania siku hiyo."

"Ahaa! Unataka alione!"

"Nataka alione sana."

Jumamosi Jelmer akaingia taratibu kwenye ule mtaa mwembamba wa kando ya mfereji. Magari yalikuwa yamebanana ukingoni mwa maji, ila mbele ya nyumba ya Bibi Baukje palikuwa wazi, pamewekewa viti viwili vya jikoni na chungu cha maua. Bibi alikuwa mlangoni na fimbo yake, anaelekeza.

"Mbele kidogo. Tena. Rudi. Hapo hapo! Zima."

Akamkaribisha ndani. Dirisha lilikuwa pana, halina pazia, na kiti kimoja kimeelekezwa nje.

"Nikupeleke mimi leo, safari hii ya kwanza," Jelmer akasema. "Ile barabara ina upepo, nikuoneshe."

"Ngoja, mwanangu. Saa nne hiyo."

Kengele ya kanisa ikalia. Bibi Baukje akaketi, akainua kikombe chake juu, akatabasamu. Jelmer akafuata macho yake. Kupita juu ya paa la kigari cha buluu, ng'ambo ya mfereji usiozidi hatua kumi na mbili na usio na daraja karibu, alionekana bibi mwingine ameketi dirishani. Naye akainua chake.

Nje, honi ikalia. Gari kubwa jeupe la kusafiria, lenye vitanda na jiko ndani na kimo cha kabati, likasimama ubavuni mwa kigari cha buluu, likasitasita, likapiga honi tena, kisha likaondoka polepole kutafuta pa kuegesha.

"Karibu nyumbani, Douwe. Dirisha langu hulizibi tena," Bibi Baukje akasema, akanywa kahawa.

Jelmer alikuwa bado ameshika funguo.

"Hizi niziweke wapi, Bibi?"

"Popote, baba. Mimi sijui kuendesha."