Siku Sita za Kuchelewa

Ebiere alikishika kile kijiti kwa ncha za vidole, akakilaza kwenye ukingo wa dirisha, kisha akakipa mgongo.

“Dakika tano,” alisema Ufuoma, mwenzake wa chumbani. “Usitazame.”

Hedhi yake ilikuwa imechelewa siku sita. Haikuwahi kuchelewa. Tangu mwaka wa kwanza maumivu yalikuwa yakifika kwa tarehe, yakimkunja sakafuni, akitapika hata maji. Ufuoma ndiye aliyemjazia maji ya moto kwenye chupa ya soda na kumfungia tumboni kwa kitenge. Tangawizi ilishindwa. Vidonge vilishindwa, hata alipomeza vinne kwa mpigo. Anti Nesi wa zahanati ya chuo alimwandikia vidonge hivyohivyo, huku akicheka: “Mdogo wangu, ni mambo ya wanawake hayo. Ukishika mimba yatatulia, ukishazaa yatakwisha.”

Mara mbili alibebwa kutoka chumba cha mtihani. Ikitokea mara ya tatu, barua ya chuo ilisema, asirudi tena. Hadi mtihani wa mwisho zilikuwa zimebaki wiki nane.

Na sasa hili.

“Tega anajua?” aliuliza Ufuoma.

“Hajui kitu.”

“Kutwa anauza simu pale getini, anachekacheka na kila sketi inayopita. Akikukana, nitammwagia bakuli la uji wa garri ya muhogo usoni mbele ya wateja wake.”

Ebiere hakucheka. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa vumbi la harmatani, upepo mkavu wa jangwani, na mkono mmoja ulikuwa umelala tumboni.

“Na baba yako je? Shemasi mzima. Atakufukuza nyumbani.”

“Tazama wewe, Ufu. Mimi siwezi.”

Ufuoma alikichukua kijiti, akakipeleka kwenye mwanga, akakigeuza. Kisha akapiga magoti palepale.

“Mstari mmoja. Huna mimba, dada. Mungu ametuonea huruma.”

Ebiere aliteleza ukutani hadi sakafuni, akajikunja. Maumivu yalikuwa yameanza, Ufuoma aliyajua hata kabla ya kuona damu. Akakimbilia birika.

“Huu ni mwezi wa nne natafuta mimba na Tega,” alisema Ebiere nyuma yake, meno yameumana. “Labda yeye ndiye hafai. Nitafutie mwanamume mwingine, kabla ya mtihani.”