Saba Zote Nne

Mkononi nilikuwa na tano na sita. Mezani zilikuwa wazi nane, tisa, mfalme na malkia, na ilibaki karata moja ya kufunuliwa. Ikija saba, zangu zinafuatana tano mpaka tisa, na pikipiki ya shemeji inakuwa yangu. Isipokuja, yeye anaondoka na cherehani.

Nilipiga hesabu. Karata arobaini na sita sijaziona, na saba ni nne. Nafasi moja katika kumi na moja na ushee. Mtu mwenye akili zake angezitupa.

"Naingia, shemeji," nikasema.

Nyuma yetu mke wangu alikuwa akishona sare za shule. Hakujua kwamba hicho anachokikanyaga nimekwisha kukiweka rehani.

Shemeji akanyoosha mkono kwenye pakiti. Nikaegemeza viwiko mezani, jasho likinichuruzika, ndipo nikagundua kwamba meza haiyumbi. Tangu tuinunue inayumba.

"Nani kaitengeneza meza?"

"Mimi, asubuhi," mke wangu akajibu bila kuinua macho. "Nimekunja karata zenu nikazitia chini ya mguu. Na usianze kelele, mchezo sijauharibu. Nimetoa za namba ileile, zote nne, ili zilizobaki ziwe sawasawa."

Nikainama. Chini ya mguu wa meza ilichungulia saba ya kopa.

Cherehani ikanyamaza.

"Kaka," mke wangu akauliza, "kwani leo mnachezea nini?"