Somo la Familia

Mtu alipofaulu mtihani wa neno la Kiingereza, lile la Kirusi lenye maana hiyo lilifutwa kichwani mwake, asilitamke wala asilielewe tena, na mazoea yaliyofungamana nalo yakafutika pia. Zinaida alishafaulu somo zima la jiko, mwiko, sufuria na kijiko, wala hakujuta, maana vyombo ni vyombo tu. Lakini somo la familia alikuwa amelifeli mara nane, kwa makusudi.

"Una kichwa kigumu," mashine ya ukutani iliyowafundisha ilimwambia. "Mumeo kafaulu leo asubuhi, tena kwa alama zote."

Rodion alikuwa mezani, kifua mbele, cheti kimeegemezwa kwenye kikombe. Zuzu mkubwa, Zinaida aliwaza.

Mama yake Rodion, aliyesamehewa masomo kwa uzee, alimwekea mwanawe supu ya kabichi akampapasa nywele. "Kula, mwanangu," alisema kwa Kirusi.

Rodion alijisogeza pembeni kwa adabu, kama mtu aliyeguswa na mgeni kwenye foleni. Akamuuliza mkewe kwa Kiingereza safi, "Huyu bibi anataka nini?"

Mashine ilimsifu kwa matamshi, kisha ikamrudia Zinaida. "Haya, mara ya tisa. Mama ni nani?"

"Ni ndoo," alijibu Zinaida, huku ameushika mkono wa mama mkwe.